Mama Mkwe Aliyepika Mbegu

Wifi yangu alikuwa na vidole vya miguu vilivyonyooka. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kutoka porini, kama mtu aliyeokota kuni nzuri njiani, nilitazama miguu yake kabla ya uso, nikajua tumepata hasara. Mwanamke wa maana, mwanamke wa mji, vidole vyake vimekunjika kwa kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Vyangu vilikunjika kabla sijavunja ungo. Vya marehemu mama vilikuwa vimekunjika hata akawa hatembei bila kushika ukuta, na kichochoro kizima kilimheshimu kwa hilo. Huyu wa kaka alikuwa na miguu ya swala. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Wifi, kwenu mnasaga nini? Upepo?"

Akacheka. Watu wale ukiwatukana wanacheka, wanadhani unawakaribisha.

Nasema "kwenu" kwa heshima tu, maana kwao hakukuwa na kwao. Ni watu wa kiguu na njia. Leo wako mtoni, kesho wako mlimani, kesho kutwa hata wenyewe hawajui. Wanachimba hiki, wanaokota kile, wakishiba wanalala, wakiamka wanahama. Hawana ukuta, hawana mlango, hawana mtungi. Mjini tulijua pia kwamba mzee wao akishindwa kutembea wanamwacha chini ya kichaka na kwenda zao bila hata kuaga. Nani alituambia? Hakuna aliyetuambia. Ni jambo ambalo kila mtu alilijua.

Sisi tulikuwa na nyumba. Ilikuwa ya baba, ya matofali ya udongo, katika kichochoro kinachotoka uwanja wa matofali kwenda ghalani, chembamba hivi kwamba mbuzi wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Chumba cha mbele tulilala. Chumba cha nyuma tulisaga. Kilikuwa hakina dirisha, dari yake ya chini, na unga wa miaka yote umejaa kwenye nyufa za ukuta. Mawe mawili yalilala sakafuni, moja langu na moja lililokuwa la mama, na mbele ya kila jiwe palikuwa na mashimo mawili ya magoti. Sisi hatukuyachimba yale mashimo. Magoti ndiyo yaliyoyachimba. Na pembeni, umefukiwa ardhini mpaka shingoni, ulikuwepo mtungi wa mbegu.

Mtungi huo ndio uliokuwa heshima yetu. Kila baada ya mavuno, nyumba hujaza mbegu kwenye mtungi wake, mdomo unazibwa kwa udongo mbichi, na Bwana Ghala anakuja na jiwe lake la kuchongwa, anagandamiza alama. Huo ndio muhuri. Haufunguliwi mpaka mvua ya kwanza, na anayekuja kuufungua ni yeye mwenyewe. Sasa kila mwaka unafika msimu ambao chakula cha kula kimekwisha na mvua haijaja. Msimu huo tunachemsha makapi, tunakung'uta vumbi la unga kutoka kwenye nyufa, watoto wanalia, na mtungi umekaa pale umejaa. Hatuugusi. Akiba haiozi. Mama yangu alikufa katika msimu kama huo, amelala pembeni mwa mtungi, midomo imemkauka, na muhuri mzima. Bwana Ghala alikuja mwenyewe msibani. Alitazama muhuri kwanza, kisha akatazama maiti, akasema, "Huyu alikuwa mwanamke." Niliishi kwa maneno hayo miaka mingi.

Anayevunja muhuri kabla ya mvua hana mbegu, na asiye na mbegu hupewa na ghala. Ghala nalo huchukua mtu, na akikosekana mtu huchukua shamba. Mtu huyo huingizwa katika chumba kilicho chini ya ghala, akawasagie wakubwa mpaka mavuno. Ndivyo inavyosemwa, mpaka mavuno. Sikuwahi kumwona aliyetoka, wala sikuwahi kumwonea huruma aliyeingia. Nilisema ni wazembe wanaoongozwa na matumbo yao.

Lakini nisije nikaonekana nilimheshimu Bwana Ghala. Nilimwinamia tu, jambo ambalo ni tofauti. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Hakuwahi kushika jembe. Babu yake alikuwa mfukuza panya, basi. Alikaa mlangoni mwa ghala na fimbo akiwapiga panya. Aliwapiga vizuri, mji ukampa chakula ili asiondoke pale. Mwanawe akarithi fimbo, akaanza kuwapiga na watu. Mjukuu akawekewa kiti, na sisi wenye nafaka, tuliolima kwa migongo yetu, tukawa tunapanda ngazi kumwomba mjukuu wa mfukuza panya ruhusa ya kupanda mbegu zetu wenyewe. Niliyajua hayo yote, na bado nilikuwa nikimwona nakunja shingo.

Mume wangu aliangukiwa na ukuta wa ghala hilohilo wakiujenga. Ghala likanipa pole ya kibaba kimoja cha nafaka yenye wadudu, nami nikarudi nyumbani kwa baba bila mtoto. Baba alikuwa ameshakufa. Nyumba ilikuwa ya kaka, nami nikawa dada mtu, yule wa kula mwisho. Kaka yangu tulimwita Ndiyo Bwana, kwa sababu hata ukimwambia jua linachomoza usiku atakubali, kisha atakuuliza kama umekula. Mtu mzuri. Nimeona watu wazuri wakifanya mabaya kuliko wezi.

Basi msimu wa njaa ule, mama yake wifi akaja.

Watu wao walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kijito, nje ya ukuta, na yeye akaingia mjini peke yake kumtazama bintiye na mjukuu. Mkono mtupu haulambwi, lakini huyu alikuja na mikono mitupu miwili na kicheko. Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa kikigonga dari kila anapogeuka. Alizigusa kuta zetu kama anayepapasa mnyama asiyemwamini.

"Mwanangu," akaniambia, "mmejifungia humu mnamkimbia nani?"

"Watu kama nyinyi, mama," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa unafanya nini na mtu wa namna hiyo?

Mtoto wa kaka alikuwa analia. Alikuwa bado mdogo, wa kujifunza kusema, na kilio chake kilikuwa kile cha siku nyingi kisichohitaji hata machozi. Sisi tulikuwa tumeshakizoea. Yule mama hakukizoea. Aliuliza kwa nini mtoto analia, nikamwambia ni njaa, msimu wake umefika. Akazungukazunguka chumbani, akafika kwenye mtungi, akaugonga kwa vidole na kusikiliza.

"Humu mna nini?"

"Mbegu."

"Mbegu ndiyo nini?"

Nilimtazama. Mtu mzima, mvi kichwani, hajui mbegu. "Ni nafaka, mama. Imewekwa."

"Inaliwa?"

"Inaliwa, lakini haiwi ya kula. Ni ya kupanda. Mvua ikija tunaifukia ardhini."

"Mnafukia chakula, na mtoto analia?"

"Kinaota. Kikiota kinazaa kingi."

"Halafu mnakula."

"Tunakula kidogo," nikasema. "Kingine kinakwenda ghalani. Kingine kinarudi mtungini."

Akafikiri. Akachuchumaa chini, akanitazama usoni, mara hii hacheki, akaniambia, "Pole sana, mwanangu." Akaniambia kama unavyomwambia mfiwa. Nilipandwa na hasira nikashindwa hata kumtukana, na ni nadra mimi kushindwa.

Kesho yake wanawake wa kichochoro chetu tuliitwa kupiga lipu ghala. Kila mwaka msimu wa njaa ndio wa kulipaka ghala udongo, kwa sababu udongo unapasuka na kiangazi, na pia, nadhani, kwa sababu mtu mwenye njaa habishani. Tulikanyaga udongo kwa miguu, tukaubeba kwenye vikapu, tukaupaka kwa viganja. Ndani ya ukuta ule, upana wa kiganja kutoka matumbo yetu, nafaka ilikuwa imejaa mpaka juu. Tukaimba. Ndiyo, tuliimba. Kaka alikuwa uwanja wa matofali, wifi alikuwa amekwenda kuchota maji, na mama mkwe akabaki nyumbani na mjukuu.

Nilipokuwa narudi nikasikia harufu tangu mwanzo wa kichochoro. Ilikuwa harufu ya uji. Katika msimu ule hakuna harufu ya uji, kwa hiyo milango yote ilikuwa wazi na vichwa vimetoka nje. Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza, nikaanza kukimbia kwa jinsi ninavyoweza kukimbia, mkono ukutani.

Mlangoni kwetu palijaa watoto wa kichochoro kizima, wengine wanalamba vidole, wengine wameshalala palepale kwa kushiba. Mtoto wa kaka alikuwa amelala kifudifudi juu ya tumbo la bibi yake, mdomo umepakaa uji. Chungu kikubwa kilikuwa kimekwanguliwa. Nikaingia chumba cha nyuma. Udongo wa muhuri ulikuwa vipande sakafuni, alama ya Bwana Ghala imevunjika katikati, na mtungi mtupu mpaka chini. Niliingiza mkono wote hadi begani nikapapasa. Kulikuwa na ubaridi tu.

"Umepika zote?" nikamuuliza. Sauti haikuwa yangu.

"Zilikuwa kidogo," akasema. "Watoto walikuwa wengi."

"Hawa si watoto wetu!"

"Walisikia harufu." Akanishangaa, kama mimi ndiye nisiyejua kitu. "Kwetu aliyenusa amealikwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale watu hawakuwa waovu. Mwizi angechukua kidogo, akaziba mdomo wa mtungi, tukapata cha kujitetea. Huyu alifanya kwa moyo safi, na moyo safi haubakizi kitu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu alikuja, wenyeji tukafa, na alikuwa anatutazama akisubiri tumshukuru.

Wifi akarudi na maji, akaona, akayatua chini. Alikuwa ameishi nasi muda wa kutosha kujua maana yake. Kisha akaja kaka, matope mpaka magotini. Nilingoja afoke. Nilitaka mara moja tu katika maisha yake afoke. Lakini aliyekosa ni mama mkwe, na mkwe hafokewi. Mama mkwe akamletea kibakuli alichomwekea pembeni, akampa kwa mikono miwili. Na kaka yangu, mtoto wa baba yangu, akakaa chini akala. Alikula mbegu za baba yake huku machozi yanamtoka, na alipomaliza akalamba kibakuli.

Nilimdharau siku ile kuliko siku zote.

"Aliyekula alipe," nikasema. "Ghala litataka mtu. Nyumba hii ina mtu aliyeleta balaa ndani. Aende yeye, au aende mama yake."

"Dada," kaka akasema.

"Usiniite dada. Mama alikufa pembeni ya mtungi huo!"

"Najua, dada."

"Majirani wote wameona, na watoto wao wamekula. Unadhani watanyamaza? Watakimbilia kwa Bwana Ghala wakisema sisi ndio tuliowashawishi. Ni afadhali tuseme wenyewe kwanza."

Alitikisa kichwa. Kutikisa kwake kichwa hakukuwa ndiyo wala hapana. Basi nikaenda mimi. Nilipanda ngazi za ghala nikiwa bado na udongo wa lipu mikononi, nikamkuta mjukuu wa mfukuza panya amekaa kwenye kiti chake, anakata kucha. Nikamweleza kila kitu, nikamweleza ni nani aliyeleta mgeni huyo mjini, na miguu yake jinsi isivyojua kupiga magoti. Nilisema kwa ufasaha. Akanisikiliza bila kuinua macho, akauliza swali moja tu.

"Nyumba ina wanawake wangapi?"

"Wawili, Bwana," nikasema, na sikulifikiri swali lile hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoa jina la baba.

Asubuhi akaja na wanaume wawili wenye fimbo. Ilibidi ainame kuingia, na nadhani ilimuudhi. Akaokota kipande cha muhuri, akakipindua, akakiweka mfukoni. Kisha akamgeukia kaka.

"Ghala litakupa mbegu. Unatoa nani?"

Wifi alisimama na mtoto kiunoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kona, shingo imepinda kwa ajili ya dari, hajaelewa bado. Mimi nilisimama karibu na mlango kama mtu ambaye mambo hayamhusu.

Kaka akainua mkono, akaninyooshea kidole mimi.

"Dada hana mtoto," akasema. Alikuwa anazungumza na sakafu. "Na dada amezoea kusaga."

Damu nzito kuliko maji, hilo nalo wanasema. Niliumia, na sioni haya kulisema. Niliumia kama mtu aliyepigwa tumboni, nikashika ukuta wa baba yangu nisianguke. Nilikuwa nimelala na njaa ili mtoto wake ale makapi. Nilikuwa nimesaga kila punje aliyowahi kuila tangu aote meno.

Bwana Ghala akaniambia nitembee mpaka ukutani na kurudi. Nikatembea. Akaniambia nisishike ukuta. Nikajaribu. Akaniinua wayo kwa ncha ya fimbo, akatazama vidole vyangu vilivyokunjika, ile fahari yangu, kama unavyotazama kwato za punda sokoni.

"Huyu amekwisha," akasema. "Magoti hayana kitu. Atakula kuliko atakachosaga."

Na mimi, ambaye dakika iliyopita nilikuwa nalia kwa kutolewa, nikamkimbilia. "Bwana, naweza! Nimesaga tangu utotoni, Bwana, muulize mtu yeyote. Mama yangu ulimwona mwenyewe, ulisema alikuwa mwanamke!" Nilimshika nguo. Nilimsihi anitupe kwenye lile shimo lake. Hadi leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Sikutaka kwenda, lakini kukataliwa ilikuwa mbaya zaidi. Kama mimi nilikuwa sifai, basi yale magoti yote yalikuwa ya nini?

Akavuta nguo yake mkononi mwangu bila hata hasira. Akamwelekezea wifi fimbo.

"Huyu mwenye miguu. Kesho asubuhi aletwe." Akainama, akatoka, na wale wawili nyuma yake.

Kaka akakaa chini. Wifi hakukaa. Alichukua kitambaa, akamfunga mtoto mgongoni, akamweleza mama yake kwa lugha yao, maneno machache tu. Yule mama akanyoosha mkono akamshika bintiye shavu, kisha akatoka nje, akangoja kichochoroni ambapo angeweza kusimama wima. Wifi akamgeukia mumewe.

"Twende," akamwambia.

"Wapi?"

"Popote. Nje."

"Na shamba la baba?"

"Si wanalichukua?"

"Nikibaki hawatalichukua lote," kaka akasema. "Nitakwenda mwenyewe uwanja wa matofali, nitawafanyia kazi, nitawaomba. Mwaka kesho..." Hata yeye alisikia jinsi lile neno lilivyo.

Wifi alimngoja kidogo. Hakumbembeleza, hakumlaani. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha kaka, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, akatoka. Nilimdharau kwa hilo pia. Mimi ningepiga kelele hadi ukuta ungepasuka.

Tukabaki wawili, kaka na mimi, watu wa ukuta. Niliingia chumba cha nyuma nikapiga magoti kwenye mashimo yangu kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa. Baada ya muda akaja mlangoni.

"Dada," akasema kwa ile sauti yake nzuri, "wakinipa mbegu, na cha kula watanipa. Lakini hawatanipa cha watu wawili."

"Unasemaje?"

"Sisemi kitu. Nakuambia tu, ujue."

"Umeniambia nife."

"Sijasema hivyo, dada! Sijasema hivyo!" Akaanza kulia. Na kweli hakusema. Watu kama kaka yangu hawasemi kamwe, wanakuachia wewe umalizie. Nilitema mate kati ya miguu yake. Ndilo neno la mwisho nililompa.

Nikasikia hatua kichochoroni, za haraka, za mtu anayejua kutembea. Wifi akaingia bila mtoto. Akampita mumewe, akaja mpaka kwenye jiwe langu, akageuka akachuchumaa, mgongo wake kwangu.

"Panda, wifi."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni."

"Una wazimu? Nenda zako. Nenda na watu wako, nyinyi wa kutupa wazee vichakani."

Akageuza kichwa. "Nani kasema tunatupa wazee?"

"Kila mtu anajua."

Akacheka, kicheko kilekile, nikatamani kumpiga. "Wifi, kwetu asiyetembea anabebwa kwa zamu. Bibi yangu tulimbeba mpaka akafa. Alikuwa mzito, na alikuwa na mdomo kuliko wewe."

"Mimi ndiye niliyekwenda ghalani," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyesema wakuchukue wewe."

"Nilijua. Panda basi, jua linapanda."

Nilipanda. Ningependa kusema niliwaza, nilipima, nilisamehe au nilisamehewa. Sikufanya hata kimoja. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na hofu, na ule mgongo ulikuwa pale.

Tulipita kichochoroni mchana kweupe. Wale wazazi ambao watoto wao walilamba mbegu zetu walikuwa milangoni, na tulipofika karibu kila mmoja alikumbuka ana kazi ndani. Langoni mlinzi alikuwa amekaa na mkuki wake ametazama nje. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu kuingia. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kutaka kutoka asirudi. Akausogeza mguu wake ili wifi apite. Nilimtazama yule mjinga utosini, na ukuta niliojivunia maisha yangu yote, na kutoka pale juu ya mgongo wa wifi niliona kwamba haukuwa mrefu hata kidogo. Mtoto mwenye akili angeuparamia.

Njia nzima nilimsema. Nilimwambia anatembea vibaya, anayumba, anapita kwenye miiba makusudi. Nilimwambia shingo yake inanuka moshi. Kila nilipotukana alinisukuma juu kidogo kwa makalio yake, kama unavyoweka sawa mzigo mzuri, akaendelea. Kwenye kijito akampa zamu mwanaume mmoja wa kwao nisiyemjua, nikamtukana naye.

Kambini hawakuwa na kitu, kama nilivyojua siku zote. Moto mmoja, ngozi chache, watoto uchi, na mama mkwe akifukua viazi pori kwenye majivu kwa kijiti. Walikuwa wengi na viazi vilikuwa vichache. Niliketishwa kwenye ngozi, miguu yangu imenyooshwa mbele, vidole vyangu vimekunjika mbele ya kila mtu. Nilijiweka tayari kungoja, kwa maana ndiyo desturi yangu. Nyumbani kwa baba wanaume walikula, mtoto akala, wifi akala, kisha mimi nikakwangua.

Mama mkwe akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakipuliza, akaja nacho kwangu. Nikamwonyesha wengine kwa kidevu.

"Asiyetembea ndiye anayeanza," akasema. "Hawezi kukifuata kikimkimbia."

Watu wote waliningoja nianze ili nao wale. Hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa huruma. Kama ningeiona ningemtupia usoni. Nikauma. Nikatafuna polepole, macho kwenye majivu.

Nikamwambia yule mama kiazi chake kina majivu. Nikamwambia ni kichungu, na kwamba watu wenye akili wangekiosha kwanza. Kisha nikanyoosha mkono, nikaomba kingine.